Chakula Nilichokula Ng'ambo

Nimechoka, ndugu wasomaji. Uchovu wa kazi naujua, unalala nao ukiamka umepungua. Huu wa sasa naamka nao ukiwa umeongezeka.

Kwa walionikuta njiani, niseme kwa ufupi. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye kibanda nyuma ya duka la madaftari. Zamani nilikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, nikakaa miaka sita, nikamwacha binti yangu wa pekee akiwa na miaka saba mikononi mwa dada yangu mkubwa. Nchi yenyewe sitaitaja. Watu wema wapo huko, ila mimi sikuangukia kwao. Tuiite Kule, inatosha.

Hiyo miaka sita mtanivumilia. Nitairudia.

Nikiwa Kule nilimwandikia mwanangu barua arobaini na moja, na karibu zote ni uongo. Niliandika kwamba wenye nyumba wananipenda, kwamba nakula nao meza moja. Ukweli niliusema hapa wiki mbili zilizopita: nililala chumba cha kupigia pasi, chini ya ngazi, na mlango ulifungwa kwa nje. Sasa niambieni, nani anamwandikia mtoto wa miaka saba maneno ya namna hiyo?

Niliporudi mtaa ukaniita Mama Ng'ambo, nami nikaitika. Miaka minane naitika.

Na wiki iliyopita niliwaacha pale binti yangu, sasa ana miaka ishirini na mmoja, aliponionesha pasipoti mpya na mkataba. Anakwenda Kule. Kazi za ndani, mji uleule, kupitia wakala yuleyule aliyenipeleka mimi. Mipango yote kafanya dada yangu. Safari ni Alhamisi.

"Na mimi nataka kukaa kwenye meza kama ile yako, mama," aliniambia.

Nikajibu, "Haya."

Ndiyo, nilisema haya. Nisemeni mnavyotaka.

Sasa sikilizeni ya Jumamosi.

Kikundi chetu cha akina mama kina shughuli moja kubwa kwa mwaka, Jioni ya Vyakula vya Mataifa. Tunaazima ukumbi wa maktaba, tunapanga meza nane, kila meza na nchi yake na bendera yake, kisha tunaalika majirani na wageni wa kutoka nchi za mbali wanaoishi hapa mjini. Nchi tunazipigia kura. Karatasi zinatiwa kwenye bakuli, unachomoa, uliyoipata ndiyo utakayoipikia. Mwaka juzi fundi cherehani alichomoa Japani, akapika wali mweupe na samaki wa kopo, na watu walikula wakamaliza.

Sheria tunayo moja tu. Kabla watu hawajaonja, mwenye meza anasimama kutoa neno la meza: chakula hiki nilikila wapi mara ya kwanza, nilikila na nani, siku hiyo ilikuwaje. Kama hujawahi kukila unasema hujawahi, umekitoa kwenye simu, watu wanacheka na mambo yanaendelea. Ila kusimama lazima usimame.

Mimi miaka yote nimekwepa. Mimi ni mtu wa vitambaa. Vya meza, vya kufutia midomo, vyote nafua mimi na kupiga pasi mimi, na siku ya shughuli najificha jikoni kuosha sahani. Hakuna anayemwuliza muosha sahani alikula wapi.

Lakini mwenyekiti wetu ni dada yangu.

"Mwaka huu Mama Ng'ambo hachomoi karatasi," alisema kwenye kikao. "Meza namba tano ni ya Kule, na ni yake. Mtu kala kwao miaka sita, halafu sisi tunamwachia apige pasi vitambaa! Tena binti yake anasafiri. Tutamuaga hapohapo."

Makofi. Wanawake wa kikundi chetu hupiga makofi hata ukitangaza kwamba maji yamekatika.

"Dada, na vitambaa atapiga nani?"

"Utapiga wewe. Una mikono miwili."

"Mimi si mpishi, dada."

"Nani kakuambia upike kama mpishi?" Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, hakuinua macho. "Pika ulichokula."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Pika ulichokula. Haya, nilikula nini?

Nilikula kitu kimoja, wasomaji wangu. Miaka yote ile, kitu kimoja. Kila asubuhi mama mwenye nyumba aliinjika sufuria kubwa kwenye jiko dogo la chumbani kwangu, pale pa kuchemshia maji ya kufulia. Ndani alitia vipande vya mwisho vya mkate, vile vigumu, majani ya nje ya kabichi, na viazi pamoja na maganda yake. Vikichemka alivipondaponda, halafu akanyunyiza unga mweupe wa maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa. Alinionesha kwa mikono jinsi ya kuyasaga, na tangu hapo ikawa kazi yangu. Alinichotea bakuli moja. Kilichobaki kwenye sufuria kilipelekwa uani, wakapewa kuku.

Vyakula vyao vingine nilivinusa tu. Harufu ilishuka kwa ngazi, na mimi nikipiga pasi. Kila Jumapili nilipiga pasi vitambaa vinane vya kufutia midomo, kwa watu wanane wa mezani. Cha tisa hakikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo nilijua kupika chakula kimoja cha Kule, na nilikijua vizuri. Siwafichi, upande mwingine wa moyo wangu ulikuwa na fahari kidogo. Nilijiambia: angalau hiki ni cha kweli. Barua ni uongo, meza ni uongo, lakini hiki nilikila kweli.

Jumamosi mchana binti yangu alikuja kunisaidia. Anauza kwenye duka la dawa, siku hiyo alikuwa kaomba ruhusa. Alikaa kwenye kigoda na kisu mkononi, anaimbaimba.

"Mama, viazi hatumenyi?"

"Hatumenyi. Kule wanapika na maganda."

"Na haya ya mayai? Si ya kutupa haya?"

"Saga. Ndiyo nguvu yenyewe."

Alisaga. Mtoto wangu hodari, alisaga mpaka yakawa kama unga wa dukani. Kisha akachota kwa ncha ya kijiko, akaonja kilicho kwenye sufuria. Nilimwona anavyojilazimisha kumeza.

"Nitazoea," alisema akicheka. "Huko si nitakula hiki kila siku?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini alikuwa amekwisha kuinuka, kaleta bati lake la biskuti lenye barua zangu, kazipanga kwa tarehe, kila mwaka na utepe wake.

"Nimezisoma zote tena wiki hii," alisema. "Ila hapa katikati, mwaka wa tatu, kuna miezi miwili hukuandika kitu. Ulikuwa unaumwa?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Nilimwuliza mama mkubwa, naye kasema hivyohivyo. Kazi zilikuwa nyingi."

Nikasema, "Koroga, kinashika chini."

Saa kumi na mbili jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Vitambaa vyangu vimenyooka mezani, hata mkunjo mmoja huoni. Bendera zimening'inia, moja fundi cherehani kaishona juu chini, na mgeni mwenye nchi yake kaona na kunyamaza kwa adabu. Binti yangu kakaa mstari wa mbele, kavaa gauni jipya, bati la barua mapajani. Dada kavaa kitenge cha kikundi, kipaza sauti mkononi, mkoba wake mkubwa begani. Ndani ya mkoba huo ndimo ilimo pasipoti ya binti yangu. Dada ndiye aliyeitunza. Alisema vijana wanapoteza vitu.

"Mdogo wangu, nina zawadi yako," aliniambia akinishika mkono.

"Zawadi gani tena?"

"Nimekuletea mtu wa Kule!"

Akasogea pembeni. Nyuma yake alisimama mwanamke wa makamo, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nilimfahamu kwa sura. Ni yule daktari wa macho wa zahanati ya karibu na kituo cha mafuta. Sikuwahi kujua katoka wapi. Nilifikiri wageni wote wa namna yake wanatoka mahali pamoja.

"Nimefurahi sana," daktari alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Miaka kumi na moja niko hapa, na hakuna aliyewahi kunipikia chakula cha kwetu."

Jamani. Nikageuka nikanyoosha kitambaa kilichokwisha kunyooka. Basi.

Meza zilianza. Nesi alikuwa na Italia, akasema kweli kuwa makaroni yake yametoka kwenye pakiti na maelezo kayasoma kwenye pakiti. Kicheko. Fundi cherehani safari hii alichomoa Brazili, akatoa neno refu ambalo hakuna aliyelielewa, naye akapigiwa makofi. Meza ya tatu. Ya nne.

"Meza namba tano!" dada alipaza sauti. "Huyu hakusoma kwenye pakiti. Huyu aliishi!"

Nilisimama. Nikashika kipaza sauti.

"Chakula hiki," nilisema. "Chakula hiki nilikila... nilikila kwanza..."

Sikuendelea. Nilikuwa namtazama yule daktari, naye ananitazama kwa furaha, kijiko tayari mkononi. Watu wakaanza kusemezana.

Binti yangu akainuka.

"Mama ana aibu," aliwaambia watu, na wote wakacheka kwa mapenzi. "Mimi ninalo neno lake la meza. Aliliandika mwenyewe nikiwa darasa la pili."

Akafungua bati, akatoa barua, akasoma:

"Mwanangu, leo ni Jumapili na tumekaa mezani sote. Mimi wameniweka kati ya bibi na mtoto mdogo. Nina kitambaa changu mwenyewe cha kufutia mdomo. Kila nikimaliza sahani wananiongezea, wanasema kula, dada, kula, hapa ni kwenu. Usilie usiku. Mama anashiba."

Ukumbi ulipiga makofi, wengine wakafuta macho. Mimi nilitazama kitambaa cha meza. Nilikuwa nimekipiga pasi vizuri mno, hakikuwa na kitu cha kutazama.

Dada akamchotea daktari bakuli. Daktari akapuliza, akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna.

Akachota tena kidogo, akakisugua kile cheupe kwa kidole na kidole, kama mtu anayepima chumvi. Akanitazama. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Vipi, daktari?" dada aliuliza. "Ndicho chenyewe?"

Nilijua nimekwisha. Na niwaambie kitu cha ajabu, nilisikia nafuu. Nilisema moyoni: mwache aseme, kisha nikalale.

Daktari akaweka kijiko.

"Ni chenyewe," alisema. "Nimekumbuka nyumbani kwa bibi yangu. Sijakiona tangu nikiwa mtoto."

Shangwe! Binti yangu aliruka akanikumbatia, akaninong'oneza, "Umeona, mama? Umeona?" Na mimi, mpumbavu, nikatabasamu. Nikafikiri nimeokoka.

Kabla meza ya sita haijamaliza neno lake, daktari alinigusa bega.

"Naomba unioneshe mahali pa kunawa mikono."

Nilimpeleka jikoni. Alifunga mlango. Hakunawa.

"Nani alikupa chakula hiki?" aliuliza.

"Si umesema ndicho chenyewe?"

"Nani alikupa?"

"Mama mwenye nyumba. Kila siku."

"Na wao? Wao walikila?"

Nilifikiri. Msinicheke, wasomaji, ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri jambo hilo kwa makini. "Sikuwaona. Nilidhani wanakula asubuhi, kabla sijafunguliwa."

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima na udaktari wake, akavua miwani.

"Bibi yangu alikuwa akikipika," alisema. "Vipande vya mkate, maganda, majani. Na maganda ya mayai, ili kuku watage mayai yenye gamba gumu." Akaikunja miwani. "Dada yangu, hiki ni chakula cha kuku."

Nilisema, "Hapana. Kuku walipewa mabaki yangu."

Aliinamisha kichwa. Hapo nikajisikia mwenyewe nilichosema.

Mabaki yangu! Sufuria lote lile, na bakuli moja. Miaka yote niliwaonea huruma kuku wale, kwamba wanangoja nishibe kwanza. Kumbe sufuria lilikuwa lao, na mimi ndiye niliyekuwa nachotewa kwenye fungu lao.

Sikulia. Mkitaka kujua, nilichukua sahani nikaanza kuosha. Niliosha mbili, tatu. Mikono inajua kazi.

"Pale mbele nimesema uongo ili nikusitiri," daktari alisema. "Nimeona watu wengi, nimeona binti yako, nikashindwa. Sasa ananiuliza jinsi ya kumsalimu mwenye nyumba kwa lugha yetu. Anasema anasafiri Alhamisi."

"Ndiyo."

"Sisi sote hatuko hivyo. Sitaki ufikiri tuko hivyo."

"Sijafikiri hivyo, daktari."

"Lakini simjui anayekwenda kwake. Na wewe humjui." Alivaa miwani. "Mimi ni mgeni. Nikisema nitaonekana naharibu sherehe ya watu. Wewe ni mama yake."

Kutoka ukumbini nilisikia sauti ya dada kwenye kipaza sauti. Alikuwa anamwita binti yangu mbele kuagwa.

Nilifuta mikono kwenye gauni langu. Nilitoka.

Walikuwa wamemsimamisha katikati ya meza, wamempa begi la magurudumu, zawadi ya kikundi. Anacheka, analia. Dada kamwekea mkono begani.

"Huyu nimemlea mimi," dada anasema. "Mama yake alitutangulia njia, yeye anafuata. Leo mmesikia barua, mmesikia daktari. Tuseme nini zaidi?"

"Mimi nina la kusema," nilisema.

Nikamchukulia kipaza sauti mkononi. Sijawahi kumnyang'anya dada yangu kitu chochote tangu tuzaliwe, na yeye mwenyewe alishangaa hata akakiachia.

"Sijatoa neno langu la meza," nilisema. "Aliyelitoa ni mwanangu. Naomba nilitoe mimi."

"Toa, Mama Ng'ambo!" walisema.

"Chakula hiki nilikila chumba cha pasi, chini ya ngazi. Nilikila peke yangu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

Kuna mtu alicheka kidogo, akidhani ni utani, akaacha.

"Meza ile niliiona kwa kioo cha mlango nilipokuwa napeleka vitambaa. Viti vilikuwa vinane. Hakuna aliyeniambia kula, dada, kula. Barua ile niliitunga. Zote nilitunga. Na chakula hiki, mnisamehe mlioonja, nimeambiwa sasa hivi jikoni, ni cha kuku."

Nesi akaweka bakuli lake chini taratibu.

"Mdogo wangu amezidiwa na furaha," dada alisema kwa sauti kubwa, akicheka bila meno kuonekana. "Ni uchovu. Mpeni maji. Muziki uko wapi?"

"Sitaki maji, dada."

Nilimgeukia binti yangu. Kipaza sauti nilikiweka mezani, haya hayakuwa ya ukumbi mzima. Lakini ukumbi wenyewe ulinyamaza kiasi kwamba wote walisikia.

"Usiende," nilimwambia. "Nakuomba. Nimekudanganya tangu una miaka saba, na kama utanichukia nichukie ukiwa hapa. Usiende."

Hakulia tena. Alilegeza mkono kwenye lile begi, likaanguka. Akaenda mpaka meza namba tano, akachukua bakuli aliloacha daktari, akalitazama ndani kwa muda mrefu. Mchana ule alikuwa kayasaga yale maganda mwenyewe.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Na ulikuwa unaniandikia umeshiba."

"Ndiyo, mama." Mimi humwita mama anapokuwa na huzuni, tangu mdogo.

"Mimi nilikuwa sili," alisema. "Mama mkubwa akinipa chakula nilikuwa nagoma, nasema nasubiri twende tukale na wewe kwenye meza yenu. Nilikuwa namchukia yule mtoto mdogo aliyekaa karibu na wewe. Miaka mingi nilimchukia. Kumbe hata hakuwa amekaa na wewe!"

Nilimkaribia, akarudi nyuma hatua moja. Akainua uso, na swali alilouliza ndilo nililokuwa nikilikimbia miaka yote hii, ndilo lililonifanya niandike uongo wote ule.

"Kama ilikuwa hivyo, kwa nini hukurudi?"

Nilimtazama dada. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Alitikisa kichwa, kidogo tu, kwa mimi peke yangu: usiseme.

Wasomaji wangu, hili hata ninyi sijawaambia. Nimewaandikia miaka sita, miaka sita, kana kwamba ilikuwa kipande kimoja. Miaka ishirini na zaidi nimemtii dada yangu kwa kila jambo. Nimechoka kutii pia.

"Nilirudi," nilisema.

"Uliporudi nilikuwa na miaka kumi na mitatu."

"Hiyo ni mara ya pili. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka mitatu. Ulipokwisha nilirudi, na nikaapa sitaondoka tena. Ulikuwa na miaka kumi. Ile miezi miwili isiyo na barua, kabla ya kurudi tena Kule, nilikuwa hapa mjini. Siku niliyofika ulikuwa na surua, umelala mchana. Niliona miguu yako kupitia dirishani, soksi moja imetoka."

Binti yangu aligeuka polepole.

"Mama mkubwa?"

Watu wote wakamtazama mwenyekiti wao. Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa anikane, aseme nimerukwa na akili, na wangemwamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekiri uongo mbele yao dakika tano zilizopita.

Hakukana. Alinyoosha kitenge chake, akasema kwa sauti yake ya vikao:

"Kama ameamua kusema, aseme sawasawa. Alikuja. Alibisha hodi tangu saa nane mpaka jioni. Mlango sikuufungua."

Bakuli likatoka mkononi mwa binti yangu, likamwagikia kitambaa changu cheupe. Hakulitazama. Wala mimi hakunitazama. Alinyoosha mkono mtupu kuelekea ule mkoba.

"Pasipoti yangu," alisema. "Nipe pasipoti yangu."